Neno Linapokatwa: Historia Fupi ya Kistari katika Nyaraka za Kiswahili na Kiingereza

Neno *kufanikiwa* lina silabi tano: ku-fa-ni-ki-wa. Kwa kanuni ya silabi, mkato baada ya silabi ya pili hauna kosa lolote. Hata hivyo, neno hilo likikatwa hapo mwishoni mwa mstari, msomaji hukutana kwanza na *kufa*, kisha, akishuka mstari wa pili, na *nikiwa*. Katika barua ya pongezi kwa mhitimu, au katika kijitabu cha arusi kilichopangwa kwa safu mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, mkato huo hugeuza heri kuwa shari kabla jicho halijawahi kujisahihisha. Aliyeandika hakuuona. Jana yake, kabla ya kuongeza jina la mjomba katika aya ya juu, neno lilikuwa zima katikati ya mstari.

Tatizo la namna hii lina sifa inayowachosha waandishi wa lugha mbili: huja na kuondoka. Neno lililokatwa vibaya katika ukurasa wa tatu limeachwa zima katika ukurasa wa tano, ingawa mstari umejaa vilevile. Waraka uliotoka London ukiwa safi hufunguliwa Maskati ukiwa na mianya mipana baina ya maneno. Aya mbili zinazofuatana, zilizoandikwa na mkono mmoja, hukatwa kana kwamba zimepitia kwa wachapaji wawili. Wengi huhitimisha kwamba programu ina kasoro, au kwamba Kiswahili, kwa urefu wa vitenzi vyake, hakipatani na kurasa za kompyuta. Historia ya kistari haiungi mkono hitimisho lolote kati ya hayo. Mahali pa kukata neno pamekuwa pakiamuliwa na watu tofauti katika nyakati tofauti, kila mmoja akiwa na lugha yake akilini. Makosa mengi ya leo ni uamuzi uliofanywa kwa ajili ya Kiingereza ukatumika juu ya Kiswahili bila mtu kuuagiza.

Matbaa mbili za Unguja

Desturi ya kukata neno mwishoni mwa mstari ni kongwe kuliko uchapaji, lakini uchapaji ndio ulioizidishia haja. Biblia ya mistari 42 aliyoichapa Johannes Gutenberg huko Mainz, yapata mwaka 1455, ina safu mbili katika kila ukurasa, na ukingo wa kulia wa kila safu umenyooka. Ili kuupata unyoofu huo, mpangaji wa herufi alikuwa na njia chache. Aliweza kufupisha maneno, kuchagua herufi pana au nyembamba, au kulikata neno na kuacha alama ya vistari viwili vilivyolala mshazari. Alama hiyo ni mzazi wa kistari kinachotumika leo.

Maandishi ya Kiarabu yalifuata njia nyingine. Katika misahafu ya mwanzo ya hati ya Kufi, neno liliweza kuvunjwa mwishoni mwa mstari pale penye herufi isiyoungana na ile inayoifuata. Baadaye waandishi waliiacha desturi hiyo. Mstari uliopungua ulijazwa kwa kurefusha kiungo baina ya herufi, mbinu iitwayo kashida, na neno likabaki zima. Mswahili aliyejifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu hakuwa na haja ya kistari.

Njia hizo mbili zilikutana Unguja. Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika katika mji huo, na misheni ikawa na matbaa yake, ambamo vijana walifundishwa kupanga herufi za risasi na kuchapa Kiswahili kwa hati ya Kirumi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, naye alianzisha matbaa ya Kisultani, iliyochapa vitabu vya Kiarabu, vikiwemo vya fikihi ya Ibadhi. Kwa hiyo, katika miaka ya 1880, ndani ya mji mmoja kulikuwa na chapa iliyorefusha herufi na chapa iliyokata maneno. Wenyeji walikiandika Kiswahili kwa hati zote mbili.

Ugumu wa Kiswahili cha hati ya Kirumi ulitokana na jambo jingine: vitabu vyake vingi vya mwanzo vilichapwa mbali na wasemaji. Sarufi ya Johann Ludwig Krapf ilichapwa Tübingen mwaka 1850. *Handbook* ya Steere ilitoka London mwaka 1870, na kamusi ya Krapf ikatoka huko huko mwaka 1882, baada ya mwandishi wake kufariki. Vyote vitatu ni vitabu vya lugha mbili, Kiswahili kikifafanuliwa kwa Kiingereza. Mpangaji wa herufi wa Ulaya asiyejua Kiswahili, alipofika mwishoni mwa mstari, alikuwa na viongozi wawili tu: mswada uliokuwa mbele yake na mazoea ya lugha yake mwenyewe. Kompyuta ya leo imo katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yule mpangaji, akishuku, aliweza kumwandikia mhariri na kuuliza.

Kanuni iliyokuwa midomoni mwa washairi

Kanuni ya kukigawa Kiswahili haikukosekana. Washairi walikuwa nayo tangu zamani, na waliiita mizani. Kila kipande cha utenzi hubeba mizani nane. Mshororo wa shairi lililozoeleka hubeba kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao. Mshairi asiyeweza kugawa neno hawezi kutunga, na msikilizaji aliyezoea hutambua mshororo uliopungua mizani kabla hajajua ni neno gani lililopungua.

Hesabu hiyo ina undani wake. *Mtu* ni mizani mbili, kwa kuwa *m* ya mwanzo husimama peke yake. *Nchi* ni mbili, na *mbwa* pia ni mbili. *Nyumba* nayo ni mbili, lakini kwa sababu nyingine: nyu-mba, *m* ikiegemea *b* na kuwa sauti moja nayo. *Ng'ombe* hugawika ng'o-mbe. Mfano unaofundisha zaidi ni *mbuni*. Kwa maana ya ndege mkubwa asiyeruka, neno hilo ni mizani mbili, mbu-ni. Kwa maana ya mti uzaao kahawa, ambao wingi wake ni *mibuni*, ni mizani tatu, m-bu-ni. Tahajia ni ile ile, na anayejua tofauti ni yule tu anayejua kinachozungumzwa.

Kiingereza kimejengwa vingine. Silabi zake nyingi hufungwa kwa konsonanti, na konsonanti mbili zikikutana katikati ya neno, mara nyingi mkato hupita baina yao: *win-dow*, *num-ber*. Tena Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakuafikiana. Desturi ya Uingereza ilitazama zaidi asili ya neno na kukata *know-ledge*. Ile ya Marekani ilifuata matamshi na kukata *knowl-edge*. Mazoea ya namna hii yakishushwa juu ya Kiswahili, *kitambaa* huelekea kuwa kitam-baa badala ya kita-mbaa, na *wanafunzi* kuwa wanafun-zi badala ya wanafu-nzi. Msomaji mzima hupita na kusahau. Mtoto aliyezaliwa Birmingham au Minneapolis, anayejifunza Kiswahili cha wazazi wake kwa kusoma, hufundishwa kutamka *n* na *z* kama sauti mbili zilizotengana, na mwalimu wake ni ukurasa.

Kwa ajili ya ukurasa, elimu ya mizani yaweza kufupishwa kwa sentensi moja: kata baada ya irabu, kabla ya konsonanti inayofuata, na usiache herufi moja peke yake. Anayeishika kanuni hiyo hukosea mara chache. Hata panapo utata, kanuni humlinda. *Amembeba* ni a-me-m-be-ba, kwa kuwa *m* ni kiambishi cha mtendwa, ilhali *ameimba* ni a-me-i-mba. Lakini ame-mbeba ni mkato salama bila ya kuamua lolote juu ya *m* hiyo. Maneno yanayoikaidi kanuni ni wageni waliokuja na silabi zilizofungwa: *maktaba*, *daktari*, *labda*, *sultani*, *hospitali*. Hayo hukatwa mak-taba, dak-tari, sul-tani, na orodha yake yaweza kuandikwa.

Kutoka kengele ya taipu hadi ruwaza

Kwa karne nyingi uamuzi ulikuwa wa mkono wa binadamu. Mashine ya Linotype ya Ottmar Mergenthaler, iliyoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, iliharakisha upangaji kwa kumimina mstari mzima wa risasi kwa mara moja, lakini fundi aliyeketi mbele yake ndiye aliyeamua neno likatwe wapi. Mashine ya taipu nayo ilipiga kengele ndogo mstari ulipokaribia kwisha, na karani akachagua: amalize neno, alikate, au ashuke. Karani aliyejua lugha mbili alikata kila moja kwa desturi yake, na hakuhitaji kumwambia mtu yeyote kwamba amebadili lugha.

Kompyuta iliondoa kengele. Mstari ulipojaa, neno zima lilishuka lenyewe, na aliyetaka ukingo ulionyooka ilimbidi aifundishe mashine kukata. Jibu lililodumu kuliko mengine lilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Donald Knuth alikuwa akiunda TeX, programu ya kupanga kurasa. Mwanafunzi wake, Franklin Liang, alikamilisha tasnifu yake mwaka 1983, na jina lake lina vistari ndani yake: *Word Hy-phen-a-tion by Com-put-er*.

Badala ya kuihifadhi kamusi nzima, Liang aliikamua na kupata ruwaza, yaani vipande vifupi vya herufi vyenye tarakimu baina yake. Tarakimu witiri huruhusu mkato, tarakimu shufwa huukataza, na ruwaza mbili zikigongana, tarakimu kubwa hushinda. Ruwaza 4,447 zilitosha kupata takriban asilimia 89 ya mikato iliyokuwamo katika kamusi aliyoitumia, karibu bila kosa. Hekima ya kazi hiyo imo katika asilimia zilizobaki: afadhali kuukosa mkato halali kuliko kukata pasipostahili. Kwa maneno machache yaliyoshindikana, orodha fupi ya 14 iliongezwa. Miongoni mwake yamo *present* na *project*, ambayo yakiwa nomino hukatwa mahali pamoja na yakiwa vitenzi mahali pengine, kwa hiyo programu iliamriwa isiyakate kabisa. Hayo ni mbuni wa Kiingereza.

Ruwaza hizo zilikuwa za Kiingereza cha Kimarekani. Wanaoandika kwa lugha nyingine za Ulaya walilalamika mapema, na toleo la tatu la TeX, la mwaka 1990, likaruhusu lugha nyingi ndani ya waraka mmoja, kila lugha ikiwa na nambari yake na ruwaza zake. Wazo hilo limo pia katika programu nyingi za kuandikia. Mashine haitambui lugha kwa kusikia kama karani. Huambiwa kwa lebo, kisha huenda kutafuta kanuni zenye lebo hiyo.

Kwa nini kosa huja na kuondoka

Mwandishi huona ukurasa mmoja wenye lugha mbili. Programu huona mfululizo wa vipande, na kila kipande kimebandikwa lebo ya lugha isiyoonekana kwa macho. Lebo hiyo haifungwi kwenye waraka mzima. Aya moja yaweza kuwa na kumi. Katika faili za Microsoft Word kipande kimoja huweza kubeba lebo tatu kwa pamoja: moja ya hati ya Kirumi na zinazofanana nayo, moja ya hati za Asia ya Mashariki, na moja ya hati zinazoandikwa kutoka kulia, kama Kiarabu. Mwandishi wa Maskati anayechanganya Kiarabu na Kiswahili katika sentensi moja anaongoza mifumo miwili inayopishana, mmoja wa kurefusha na mmoja wa kukata, kama zilivyopishana matbaa mbili za Unguja.

Ukilijua hilo, tabia ya kosa hueleweka. Aya iliyochapwa moja kwa moja kwenye kompyuta iliyonunuliwa Uingereza huchukua lebo ya Kiingereza, hata ikiwa haina neno moja la Kiingereza, na Kiswahili chake hukatwa kwa ruwaza za Kiingereza. Aya iliyonakiliwa kutoka mahali pengine na kubandikwa hapo huja na lebo ya kwao, labda Kiswahili. Kompyuta ikiwa haina ruwaza za Kiswahili, aya hiyo haikatwi popote, na vitenzi virefu kama *watakapokusanyika* na *yaliyotuwezesha* huacha mianya katika safu nyembamba. Aya ya kwanza inaonekana imekatwa ovyo na ya pili imetapakaa. Mwandishi hudhani ni kasoro mbili. Asili yake ni moja.

Programu nyingine hujaribu kuikisia lugha zenyewe. Ukisiaji huhitaji maneno kadhaa. Aya ndefu hutambuliwa, lakini methali ya maneno manne iliyonukuliwa ndani ya sentensi ya Kiingereza haitambuliwi. Mwandishi akiihariri sentensi, ukisiaji hufanyika upya na jibu laweza kubadilika. Lebo yenyewe nayo ina matawi: Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania huorodheshwa mbalimbali, na faili iliyosajiliwa kwa tawi moja huenda isiitike linapoitwa la pili.

Sababu nyingine huanzia kwenye maudhi ya kila siku. Kikagua tahajia kisichojua Kiswahili huchora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Mwandishi aliyechoka huagiza matini yake yasikaguliwe, na wekundu hutoweka. Katika Microsoft Word agizo hilo huzuia pia ukataji wa maneno. Miezi kadhaa baadaye, alipokwisha kulisahau, hushangaa kwa nini sura ya pili ya tasnifu yake haikatwi ilhali ya tatu inakatwa.

Kisha kuna *ng'*. Alama yake ya juu huandikwa kwa namna zaidi ya moja: iliyonyooka, kama itokavyo kwenye kibodi, na iliyopinda, ambayo programu huiweka yenyewe badala ya ile ya kwanza. Kwa jicho ni karibu sawa, lakini kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Baadhi ya programu huihesabu alama hiyo kuwa ni mwisho wa neno, na *ng'ombe* huwa vipande viwili visivyojuana, *ng* na *ombe*. Waraka ulioandikwa na watu wawili, mmoja London na mmoja Dubai, huwa na alama zote mbili, na neno hilo hilo hufuata hatima mbili.

La mwisho ni kistari kilichowekwa kwa mkono. Mwandishi aliyechoshwa na mianya hukata neno mwenyewe kwa kuandika kistari cha kawaida. Siku hiyo ukurasa hupendeza. Sentensi ikiongezwa juu, mistari husogea, na *watakapo-kusanyika* huibuka katikati ya mstari na kistari chake, kama kovu. Kwa programu, kistari hicho ni sehemu ya neno kama herufi nyingine yoyote.

Mpangilio wa tiba

Kwa kuwa asili ya tatizo ni lebo, tiba huanza hapo, na mfuatano wa hatua una uzito wake. Anayeanza kwa kurekebisha neno moja moja hujiongezea makovu ya kesho.

Kwanza huonyeshwa alama zilizofichwa, ili ijulikane ni vistari vipi viliandikwa na mtu na vipi vimewekwa na programu. Vilivyoandikwa ili kukata mstari hutafutwa na kufutwa kimoja kimoja. Kisha lugha hutangazwa katika mtindo wa aya, badala ya kuchagua maneno kwa kipanya: mtindo mmoja wa aya za Kiswahili, mmoja wa aya za Kiingereza, na mtindo mdogo wa maneno ya lugha moja yaliyonukuliwa ndani ya nyingine. Matini yaliyobandikwa kutoka nje huvuliwa lebo za kwao kabla ya kupewa mtindo. Agizo la kutokagua huondolewa, na alama ya *ng'* husawazishwa kuwa ya namna moja katika waraka wote.

Baada ya hapo ndipo yafaa kuuliza kama kompyuta ina ruwaza za Kiswahili. Ikiwa hazimo, yako maamuzi mawili ya heshima. La kwanza ni kuuacha ukingo wa kulia usinyooke, kila mstari uishie neno linapoishia; Kiswahili husomeka vizuri hivyo, na mianya hutoweka. La pili ni kutumia kistari fiche, alama ambayo Unicode imeipa nafasi U+00AD. Hicho hukaa ndani ya neno bila kuonekana, na hujitokeza pale tu neno linapokatwa hapo. Mistari ikisogea, hujificha tena. Kwa maneno marefu machache katika safu nyembamba, hiyo yatosha.

Waandishi wa sarufi na kamusi wana shida yao mahususi. Mashina ya Kiswahili huandikwa kwa kistari mbele, *-zuri*, *-enda*, na viambishi kwa kistari nyuma, *m-*, *wa-*. Programu huweza kukiacha kistari cha *-zuri* mwishoni mwa mstari na kulipeleka shina mstari wa pili, na hapo msomaji hajui tena kama anaona shina au neno lililokatwa. Kistari kisichokatika, ambacho programu nyingi hukitoa kama alama maalumu, huvifunga viwili hivyo pamoja.

Hata baada ya yote hayo, *kufanikiwa* bado laweza kukatwa pabaya, kwa kuwa mkato wake ni halali kwa kanuni yoyote ya silabi. *Kufahamu* na *kufanya* yamo katika hatari hiyo hiyo. Maneno haya huhitaji jicho la mtu anayesoma nakala ya mwisho kwa Kiswahili, baada ya mistari kutulia, na orodha ndogo ya maneno yasiyoruhusiwa kukatwa, kama ile ya Liang yenye maneno 14.

Kinachopotea na kinachobaki

Yaweza kusemwa kwamba kistari kilichokosea ni jambo dogo. Kwa arusi moja, huenda. Kwa lugha inayohifadhiwa katika nyaraka za kidijitali, uzito wake ni mwingine. Mtafiti hutafuta neno zima. *Uhuru* lililogandishwa kama *uhu-ru* kwa kistari cha mkono, au lililovunjwa hivyo na kichanganuzi kilichosoma picha ya gazeti kuukuu, haliitiki linapoitwa. Hesabu ya mara ambazo neno limetumika hupungua bila mtu kujua, na hoja hujengwa juu ya upungufu huo. Lebo ya lugha nayo hufanya kazi zaidi ya kukata. Programu zinazowasomea wasioona huichagua sauti kwa kuitazama lebo. Mzee aliyepungukiwa na macho huko Toronto, anayesomewa barua ya nyumbani iliyobandikwa lebo ya Kiingereza, husikia lugha yake ikitamkwa na mgeni asiyeielewa, na huenda asitambue neno hata moja.

Yaliyokwisha kufanywa yanaonyesha kwamba kazi iliyobaki inawezekana. Tahajia ilisanifishwa: lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi sanifu zikatoka mwaka 1939. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mwandishi aliweza kuona orodha za amri za programu ya ofisi zikiwa kwa Kiswahili. Maktaba ya programu iliyoanzishwa na Raph Levien, inayofuata njia ya Liang na iliyotumika katika OpenOffice, husoma ruwaza kutoka faili ya maandishi ya kawaida. Anayeijua lugha na kuwa na subira anaweza kuiandika.

Kiingereza kilihitaji maelfu ya ruwaza kwa sababu tahajia yake imebeba historia za lugha nyingi zisizopatana. Kiswahili kingehitaji chache kuliko hizo: irabu tano, konsonanti zinazozifuata, na orodha ya wageni waliofunga silabi zao. Kanuni iko tayari kwa kila anayeweza kuhesabu mizani nane kwa vidole. Kinachotakiwa ni kuiandika mahali ambapo mashine hutazama, na mwandishi kukumbuka kuiambia mashine, kabla ya kuanza aya, kwamba kinachofuata ni Kiswahili.